Ukuta wa Mashine Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu yamekuja, mvua bado. Leo nimeanza kazi karakana. Kwa kuwa nitakuwa nikikusanya habari za kazi za watu wengine, nimeona na zangu niziandike mahali, la sivyo zitapotea hivihivi.

Karakana yenyewe ni ghala refu lenye bati linalolia kila upepo ukipita. Humo ndani wanatengeneza mashine tisa: ya kupukuchua mahindi, ya kufyatulia matofali, kikaushio cha nafaka, pampu ya kukanyaga kwa miguu, na nyingine tano ambazo majina yake bado yananichanganya. Hawafichi kitu. Michoro yote inawekwa mtandaoni ili fundi yeyote, popote alipo, aichukue bure, atengeneze, na akiona kasoro aseme. Jambo jema kabisa. Ila hakuna anayeweza kukuambia mashine gani imefika wapi. Michoro imo kwenye kompyuta ya Mhandisi. Kasoro zimeorodheshwa kwenye tovuti. Picha za majaribio zimo kwenye kundi la simu, zimechanganyika na salamu za asubuhi na matangazo ya misiba. Mchomeleaji, ambaye wote wanamwita Cheche, anaandika mambo yake kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Na vipimo vya kukereza vimo kwenye daftari la mjomba wangu, na daftari limo kwenye mfuko wa ovaroli yake, na ovaroli haimtoki mwilini.

Mhandisi ni mwanamke mpole anayekunywa chai iliyopoa kwa sababu husahau kuinywa ikiwa moto. Ameniambia, "Nataka picha moja tu. Mtu akisimama mlangoni, kabla hata hajasema hodi, ajue kila mashine imefika wapi."

Nikamjibu kwamba wiki moja inatosha. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepewa ukuta wa mashariki. Nimeupaka chokaa, nikachora mistari tisa, mmoja chini ya mwingine, na visanduku vitano kwa kila mstari: Mchoro, Sampuli, Majaribio, Maelezo, Mkono Mwingine. Kadi nyekundu maana yake hakijaguswa, njano kinaendelea, kijani kimekamilika.

Hicho cha mwisho alikitaka Mhandisi. Kinageuka kijani siku ambayo mtu asiyewahi kukanyaga hapa ametengeneza mashine yetu kwa kusoma tu. Mpaka leo hakuna mashine hata moja iliyofika huko.

Cheche amekwisha nibatiza. Sasa mimi ni Bi Rangi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimezunguka na kadi zangu kuuliza. Cheche ananijibu huku amevaa barakoa ya kuchomelea, nadhani kwa makusudi.

Halafu nikaenda kwa mjomba. Ndiye kaka wa pekee wa mama yangu, na miaka thelathini amesimama mbele ya mashine ileile ya kukereza, inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Pampu ni kazi yake tangu mwanzo. Mhandisi alichora, lakini sahani ya pistoni, ile inayobeba kikombe cha ngozi na kuvuta maji juu, hakuna mwingine humu aliyewahi kuikereza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umekuja na rangi zako?"

"Nimekuja na maswali. Maelezo ya pampu yamekamilika?"

"Yamekamilika."

"Vipimo vyote umeviandika kwenye daftari?"

"Nimekereza sahani ngapi mimi, mama? Weka kijani."

Nikaweka kijani. Mtu aliyekubeba mgongoni huwezi kumdai ushahidi. Na nikiri hapa, ambapo hakuna anayesoma, kwamba nilikuwa na hamu ya kuona mstari mmoja uliojaa kijani kabla siku haijaisha.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Imekuja na mgeni.

Ni mkunga wa zahanati iliyoko ng'ambo ya mto, bondeni. Kila mwaka mto ukifura maji huingia mpaka wodi ya wazazi. Mwaka jana waliwatoa kina mama wamewalaza juu ya milango iliyong'olewa, na mmoja akajifungulia njiani mvuani. Mtoto hakupona. Mkunga alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja saa. Umeme hukatika, na pampu za injini za kuazima hazifiki, kwa hiyo anataka yetu, ya kukanyaga. Alikuja na pikapu kabisa, aibebe.

Pampu yenyewe ni moja tu, ile sampuli. Mhandisi hakuwepo. Nikamshika mkono mkunga nikampeleka ukutani.

"Tazama mstari wa nne," nikamwambia. "Kijani, kijani, kijani, kijani. Na hapa mwisho ni njano, maana karakana ya kwenu ng'ambo wamekwisha anza kutengeneza ya kwao kwa michoro yetu. Wiki mbili utakuwa nayo, mpya. Hii tukiiondoa tutabaki bila cha kufanyia majaribio."

Akautazama ukuta kwa muda mrefu. "Daraja likizama hakuna kinachovuka," akasema. "Unajua hilo?"

"Halitazama kabla ya pampu."

Akaondoka na pikapu tupu. Mhandisi aliporudi nikamsimulia, akasema nimeamua vizuri. Nilijiona mtu mzima.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Jumamosi, 22 Machi

Leo mjomba alisimama mbele ya ukuta wangu kwa mara ya kwanza, mikono nyuma. Nikangoja sifa.

"Mzuri," akasema. Kisha, "Pampu iko mstari wa ngapi?"

Imeandikwa PAMPU kwa herufi kubwa kama kiganja changu. Nikamwambia, mstari wa nne, mjomba. Akaitikia kwa kichwa huku uso ameuelekeza kwenye mstari wa mashine ya matofali.

"Kwangu mimi yote ni kijivu," akasema, akaenda zake.

Cheche alicheka. Mimi sikucheka. Nimefanya kazi wiki mbili na nusu, halafu mzee ananidharau mbele ya watu. Jioni nilimwambia mama kwamba kaka yake ana kiburi. Mama akasema kaka yake hajawahi kuwa na kiburi tangu azaliwe, labda amechoka.

Ijumaa, 28 Machi

Daraja limezama asubuhi. Tulitoka wote kwenda kulitazama. Vyuma vya pembeni vinaonekana kidogo tu, katikati maji ya rangi ya chai yanapita kana kwamba hapakuwahi kuwa na njia.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Kadi zinabanduka kwa unyevu. Nimezibandika upya.

Alhamisi, 3 Aprili

Simu kutoka ng'ambo. Kiongozi wa karakana yao ni mwanamke ninayemjua kwa sauti tu, mimi humwita Dada wa Ng'ambo. Wamemaliza pampu. Wamefuata mchoro wetu mstari kwa mstari.

"Inavuta vizuri saa moja," akasema. "Halafu inanyonya hewa. Tukaifungua. Ngozi imekatika pembeni kote, safi, kama umeikata kwa wembe."

"Labda ngozi yenu mbovu."

"Tumebadilisha mara tatu, ndugu yangu. Ngozi tatu, zote zimekatwa palepale. Kwenye maelezo yenu kuna kitu tumeruka?"

Nikasema nitaangalia. Nilipotazama ukutani, Maelezo ni kijani. Nikafungua kompyuta, nikakuta maelezo ya pampu yana kurasa kumi na moja, na kwenye sehemu ya sahani ya pistoni Mhandisi ameandika: "Vipimo vya mwisho, tazama daftari la mkerezaji."

Daftari sijawahi kuliona hata jalada lake.

Ijumaa, 4 Aprili

Sampuli yetu imekanyagwa kutwa. Ngozi yake haina hata mchubuko. Mhandisi akapima sahani kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, akaona ni ndogo kuliko mchoro, lakini kalipa ya kwetu ina taya iliyolegea na kila akirudia anapata namba nyingine. Ameagiza mpya. Itakuja lini, na barabara hizi?

Nimemwomba mjomba daftari. Amelisahau nyumbani.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwomba tena. Limelowa, analianika.

Jumapili, 6 Aprili

Mjomba amekula kwetu mchana. Mama alimwekea chai, naye akaupitisha mkono mezani polepole mpaka ukagusa kikombe. Mama aliniangalia. Mimi nilikuwa bado nimekasirika, sikuangalia chochote.

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika haraka kwa sababu nikilala nitaanza kujitetea.

Asubuhi mkunga alipiga simu mwenyewe. Mto umebakiza hatua kumi na mbili kufika uzio wa zahanati. Wodini ana wajawazito sita, wawili hawawezi kuhamishwa. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Ile uliyonionyesha ukutani, imefika wapi?" Nikamwambia tunashughulikia. Neno hilo lilinichoma mdomo.

Nikaenda moja kwa moja kwa mjomba. Mashine yake ilikuwa inazunguka. Nikazima swichi, jambo ambalo humu ndani hufanyiwi hata na mke wako.

"Mjomba, naliomba daftari."

"Mama, nimekwambia—"

"Umeniambia liko nyumbani, umeniambia limelowa. Limo hapo mfukoni, kila mtu anaiona pembe yake! Watu wanakufa kule, na wewe umeikalia kazi kana kwamba ni urithi wa babu!"

Sijawahi kumpandishia sauti mtu mzima hivyo maishani mwangu. Cheche alivua barakoa. Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akatoa daftari, akalinyoosha mbele. Akalinyoosha pembeni yangu kidogo, mahali ambapo sikuwepo.

"Soma basi," akasema.

Kurasa za mwanzo ni za mtu ninayemjua: mwandiko mdogo, namba zimepangwa safu, tarehe juu. Kadiri nilivyofunua, namba zikawa kubwa. Kisha mistari ikaanza kupanda. Kisha mstari ukaandikwa juu ya mstari, namba juu ya namba, saba imekaa ndani ya nne, huwezi kujua ipi ni ipi. Ukurasa wa mwisho wenye wino ni wa Septemba. Hapo ametoka nje ya karatasi, kalamu imeendelea kwenye jalada. Baada ya hapo kweupe.

Nikamtazama. Alikuwa ananitazama sikio.

Nilimshika kiwiko nikamtoa nje, nyuma, kwenye banda la vyuma chakavu, na mvua inapiga juu ya bati hata ikabidi tusogeleane ili tusikilizane.

"Tangu lini, mjomba?"

"Mwaka jana. Pembeni ndiko kulikotangulia kuzimika. Sasa natazama kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linaziba."

"Hospitali?"

"Nilikwenda mara moja. Wakasema presha ya macho. Nikatoka, sikurudi."

"Mjomba, kwa nini?"

Alifuta uso kwa kiganja. "Kwa sababu neno la pili wangeniambia niache mashine. Nikiacha mashine mimi ni nani? Ni mzee anayengoja kuletewa chai. Na vidole vyangu, mama, vidole vyangu havijakosea hata mara moja."

Nililia. Nilikuwa na mwezi mzima wa hasira juu ya mtu huyu, na hasira yote ikageuka ikanirudia mimi. Kadi ile niliiweka mimi. Pikapu ile niliirudisha tupu mimi. Na mtu aliponiambia kwa mdomo wake kwamba yote ni kijivu, nilisikia dharau.

"Havijakosea, mjomba," nikasema. "Ila watu wa ng'ambo hawana vidole vyako."

Kisha akaniomba, na sijawahi kumsikia akiomba: "Nipe mpaka mto ushuke. Nitasema mwenyewe."

Nilitaka kusema ndiyo. Mungu anajua nilivyotaka. Lakini mbele ya mashine ile kuna chuma kinachozunguka, na ng'ambo kuna wanawake sita. Nikamwambia, "Mto hautungoji, mjomba. Kesho asubuhi useme wewe, au nitasema mimi. Na leo hurudi kwenye mashine."

Aliniitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani kwa miguu, mkono mmoja kwenye ukuta.

Jumanne, 8 Aprili

Mjomba hakuja. Sikusema. Hatua tisa.

Jumatano, 9 Aprili

Usiku mzima nilikuwa nikijiambia kwamba leo nitasema, na nilipofika nilikuta amekwisha fika. Amevaa shati jeupe la kuendea harusini. Ovaroli ameikunja mkononi. Mama ndiye aliyemleta. Alikwenda kwake jana, wakakaa wawili, na mama hakuniambia lolote waliloongea zaidi ya hili: "Nilimwambia, mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unataka kuumbuka na watoto wa watu."

Watu wote wakiwepo, mjomba akasema, "Mwanangu, nipeleke kwenye pampu."

Nikampeleka ukutani, nikamwekea mkono kwenye mstari wa nne.

"Kisanduku cha Maelezo?"

Nikausogeza. Akaipapasa kadi, akaibandua mwenyewe, akanipa.

"Hii nilimdanganya mtoto wa dada yangu," akasema. "Maelezo hayajaandikwa. Nimeshindwa kuyaandika kwa sababu sioni. Sahani zote tangu Septemba nimezikereza kwa dole gumba."

Bati lililia. Halafu Cheche, ambaye hajui kukaa na kimya, akasema, "Kumbe ndiyo maana wewe peke yako humu ndani unanisifia sura."

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Tukacheka wote, mama naye, huku akifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mhandisi hakucheka sana. Alimwambia, kwa heshima, "Mzee wangu, kuanzia leo hugusi mashine ikiwa inazunguka. Na kuanzia leo huondoki hapa. Nahitaji yote mawili." Kisha akamvutia stuli karibu na mashine ya kukereza.

Cheche aliwahi kufundishwa kukereza zamani, akakimbilia kuchomelea kwa sababu kuna kelele. Leo alirudi. Alikata sahani ya kwanza kwa kufuata mchoro wetu, akasimamisha mashine, akamkabidhi mjomba. Mjomba akapitisha dole gumba kwenye ukingo.

"Inauma," akasema. "Hii ndiyo inayokata ngozi yao. Mchoro umeacha kona kali. Punguza."

Cheche akapunguza. "Bado inauma." Akapunguza. "Bado, upande mmoja." Kila mjomba aliporidhika kidogo mimi nilipima, si kwa kalipa yetu mbovu bali kwa vipande vya bati ambavyo Mhandisi anajua unene wake. Tulivipachika kimoja kimoja kati ya sahani na silinda mpaka vikakaza. Saa nane mchana mjomba aliizungusha sahani ya tano mkononi mara tatu, akafumba macho.

"Basi," akasema. "Hiyo."

Sahani iwe ndogo kuliko mchoro kwa milimita moja. Ukingo wa chini uviringwe milimita mbili kuzunguka kote. Miaka yote hii ni hivyo tu, namba mbili.

Mtandao ulikuwa umekufa kwa mvua. Nikapiga simu, nikamsomea Dada wa Ng'ambo neno kwa neno, naye akarudia neno kwa neno, laini ikikatika na kurudi. Nilipomaliza mjomba akaomba simu.

"Andika na hili," akamwambia. "Ukishamaliza kupima, weka vipimo chini. Pitisha dole gumba. Kama ukingo unauma, ngozi itakatika. Usipouma, kanyaga."

Hatua sita.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakuna habari. Nimefuta vumbi kwenye kadi ambazo hazina vumbi.

Ijumaa, 11 Aprili

Saa nne asubuhi, ujumbe kutoka ng'ambo. Neno moja.

"Hauumi."

Jumatatu, 14 Aprili

Mto umeruka uzio alfajiri.

Mkunga alipiga saa tatu asubuhi. Nyuma ya sauti yake nilisikia kitu kinakwenda kwata, kwata, kwata, na watu wakihesabu kwa pamoja.

"Wanakanyaga kwa zamu," akasema. "Waume wa wajawazito, mlinzi, hata mganga wa meno. Maji yapo kwenye kizingiti cha wodi na hapo yamegota. Tangu saa kumi, ngozi ni ileile. Mmoja kajifungua saa moja, wa kike. Mama mtu alikuwa na shughuli zake, hata hakujua kwamba nje kuna mafuriko."

Kisha akasema, "Wiki iliyopita nilikuwa najiandaa kukuchukia, Bi Rangi."

"Ungekuwa na haki."

"Ningekuwa nayo," akasema. "Haya, niache nikafanye kazi."

Nilikwenda kumwambia mjomba. Alikuwa kwenye stuli yake anapapasa kingo za kikaushio. Nilipomaliza aliendelea kupapasa kwa muda, kisha akauliza mtoto ana uzito gani. Ikabidi nipige simu tena. Kilo tatu na robo.

Jumatano, 16 Aprili

Bado wanakanyaga. Wodi kavu.

Jumamosi, 19 Aprili

Maji yanashuka.

Ijumaa, 25 Aprili

Jana nilimpeleka mjomba kwa daktari wa macho. Kilichozimika hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, asiache hata siku moja. Daktari akasema angekuja mwaka jana angeokoa zaidi. Mjomba akasema, "Najua, mwanangu," na daktari hakuendelea. Njiani kurudi alinishika bega badala ya ukuta.

Leo nimeanza kuubomoa ukuta wangu. Kadi zote chini. Kila kisanduku nimekipigilia msumari. Msumari mtupu, hakijaguswa. Msumari uliovishwa washa, kile kibati cha duara chenye tundu, kinaendelea. Kimekamilika, nagongomea juu yake kifuniko cha chupa ya soda. Vifuniko nimevipaka rangi, kwa sisi wenye macho. Majina nimeyakata kwa bati, herufi zimesimama. Cheche anasema tutakunywa soda mpaka meno yatoke.

Jumanne, 6 Mei

Tumetunga sheria mpya. Kisanduku cha Maelezo hakipati kifuniko kwa neno la mtu, hata awe mjomba wa nani. Mwingine humu ndani atatengeneza kwa kusoma, na aliyeandika atakaa kwenye stuli, mikono ameikalia, mdomo amefunga.

Leo ilikuwa zamu ya Cheche kukalia mikono huku Mhandisi akichomelea mlango wa kikaushio kwa maelezo yake. Kwa nusu saa alivumilia. Kisha akaruka, stuli ikaanguka chini, "Siyo huko, mama wee, siyo huko!" Maelezo yamerudi kuwa na washa.

Mpaka sasa, kati ya mashine saba nilizokuwa nimezipa kijani cha Maelezo mwezi Machi, tano zimeanguka. Nilidhani Mhandisi atasikitika. Amesimama mlangoni na chai yake iliyopoa akasema sasa ndiyo anaona.

Jumatano, 14 Mei

Karakana moja ya mbali, nchi ambayo sijui hata wanasema lugha gani, wametuma picha ya pampu waliyoitengeneza kwa maelezo mapya tuliyoweka mtandaoni. Chini wameandika kitu, kompyuta ikatutafsiria. Wanauliza huyo dole gumba ni nani.

Jumanne, 20 Mei

Jua la kwanza la siku nzima. Daraja limetokeza, limejaa tope na magogo. Mkunga amevuka kwa miguu kuja kutusalimu. Hakuja mikono mitupu: ameleta kifuniko cha chupa ya dawa, cha bluu, kikubwa. Akaomba akigongomee mwenyewe kwenye Mkono Mwingine, mstari wa nne. Amegonga vibaya, kimekaa upande. Nimekiacha hivyohivyo.

Alipoondoka, mjomba alipitisha mkono kwenye mstari ule, polepole, kuanzia mwanzo. Kifuniko, kifuniko, kifuniko, kifuniko. Cha tano akakizunguka na kidole mara mbili. Kisha mkono ukashuka mistari mingine hadi wa tisa, ukafika chini palipo na chokaa tupu, ukasimama.

"Hapa ongeza wa kumi," akasema.

"Mashine gani, mjomba?"

"Siyo mashine. Kukereza kwangu. Si mambo ya pampu tu, yote. Chuma kinavyolia kabla hakijapasuka. Kisu kinavyonolewa. Nitasema, utaandika."

Nikapigilia misumari mitano mitupu. Akaipapasa, kidole kikasimama kwenye wa mwisho.

"Na huu, Mkono Mwingine? Umempata nani?"

"Cheche."

"Cheche ana haraka." Akatoa ovaroli iliyokunjwa chini ya stuli, ileile, imefuliwa, akainyoosha mbele. Safari hii aliinyoosha palepale nilipo. "Njoo, Bi Rangi. Funga nywele."

Mikono imechubuka, siwezi kuandika mengi. Sahani yangu ya kwanza imetoka ya duara upande mmoja tu. Mjomba alipitisha dole gumba, akasema "Inauma," akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nimeitoboa tundu, nimeitundika kwenye msumari wa mwisho wa mstari wa kumi, mahali pa washa, ili akipita aiguse ajue kwamba inaendelea.